Laptopu Aliyonichagulia Baba Mdogo

Baba mdogo Ambokile alipofariki, wanawake wa nyumbani Ngonga walinipa kazi moja tu. Wengine waligawiwa kuni, maji na masufuria ya kuazima kanisani; mimi niliambiwa nikae chumbani kwa mama na laptopu yangu, niandike wasifu wa marehemu utakaosomwa kabla ya mazishi. Shangazi zangu watatu wakajipanga kitandani, miguu wameinyoosha, wakawa wananitajia maisha ya kaka yao kila mmoja kwa zamu yake, na mara nyingine wote kwa pamoja. Andika alibatizwa hapa hapa. Andika hakuwahi kugombana na mtu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Shangazi Subilaga, aliye mkubwa wao, akasema, "Andika pia alikuwa mtaalamu wa kompyuta." Vidole vyangu vikasimama. Akanitazama. "Mbona umeacha? Si ndiye aliyekupeleka Mbeya kununua ya kwanza?" Nikasema ndiye. "Basi andika." Nikaandika, na kesho yake ikasomwa huku mvua ikipiga turubai, watu wakatikisa vichwa kukubali. Sikuona ubaya. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa wakala wa forodha pale Kasumulu, akijaza fomu za malori yanayovuka kwenda Malawi, na alizijaza kwenye kompyuta wakati ambapo kijijini kwetu wengi walikuwa hawajaigusa. Lakini wasifu wa marehemu ni kurasa mbili. Tangu tumzike, mwaka ule wa kwanza wa chuo unanirudia, naye yumo karibu katika kila chumba ninachokikumbuka, hata vile ambavyo hakuwahi kuingia.

Nilipata nafasi ya kusomea sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja Dodoma. Barua ilikuja na karatasi nyingi: fomu ya daktari, orodha ya vitu vya bwenini, na karatasi moja ya idara iliyoeleza ni laptopu ya namna gani mwanafunzi anashauriwa kuwa nayo. Ilitaja prosesa, ilitaja RAM, ilitaja ukubwa wa diski, na chini yake mtu aliongeza kwa mkono kwamba zile ndogo nyepesi zilizoingia sokoni siku hizo hazifai kwa masomo yetu. Niliisoma mara nyingi hata nikaijua kwa moyo. Jioni ile baba mdogo alifika na pikipiki yake kutoka kazini, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, akala nasi. Ulikuwa wali mpya wa msimu ule na samaki mbasa wa mchuzi. Nakumbuka alivyotenga miba ukingoni mwa sahani, safi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepanga faili. Baada ya kula nilikwenda uani kuosha vyombo, nikamsikia mama akimuuliza ndani, "Sasa hiyo mashine, umemuuliza mtoto mwenyewe anataka ipi?" Akacheka. "Nimuulize nini, shemeji? Mimi nimeanza kushika kompyuta yeye yuko darasa la nne." Mama akasema, "Haya, wewe ndiwe unayejua," kwa sauti ya mtu aliyepumzishwa mzigo. Wakakubaliana siku ya kwenda Mbeya. Nikaosha sahani ambayo nilikwisha kuiosha.

Nieleze jambo moja, ili asidhaniwe vibaya. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi kwangu, maana mtu mkali unajua unamkimbia kwa sababu gani. Baba mdogo alikuwa mpole na mkarimu, na alikuwa na furaha. Njia nzima kupanda Tukuyu alikuwa akiwaeleza abiria wa kiti cha mbele kwamba binti yake anakwenda kusomea kompyuta, nao wakageuka kunitazama, bibi mmoja akanishika mkono akasema "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, kana kwamba nimemfanyia kitu. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba huenda hajui? Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nyumbani kwetu binti wa umri huo alisema pale tu anapoulizwa. Ile karatasi niliikunja mara nne nikaishika kiganjani. Tulipofika Mbeya, baridi ikiwa imetubana, ilikuwa imelowa jasho.

Duka lilikuwa na vioo na taa nyingi, na muuzaji aliyenukia manukato. Akatuwekea tatu mezani. Mbili zilikuwa nyeusi, nene. Ya tatu ilikuwa nyeupe, ndogo, inametameta kama sahani ya kauri, na ukiifunga inatoshea kwenye mkoba wa kawaida. Baba mdogo akainyanyua kwa mkono mmoja akaipima uzito. "Nyepesi," akasema. "Mtoto wa kike ataibeba bila taabu." Muuzaji akauliza, "Dada anasomea nini?" Baba mdogo akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Kompyuta." "Aa," akasema muuzaji, "basi hii ndiyo yenyewe." Baba mdogo akanigeukia. Nakumbuka uso wake vizuri kuliko kitu chochote cha siku ile. "Unaionaje?" Aliniuliza, kweli aliniuliza. Sina haki ya kusema sikupewa nafasi. Nikaitazama ile nyeupe, nikamtazama muuzaji, nikasikia karatasi ikinichoma kiganjani. Nikasema, "Nzuri, baba mdogo."

Chuoni tulikuwa wanne chumbani, na tundu la umeme lilikuwa moja. Kitanda cha juu yangu alilala Mwanaidi, binti wa Singida, aliyekuwa na laptopu ya zamani ya kaka yake, yenye ufa pembeni na sauti kama ya mashine ya kusaga. Wiki za kwanza wenzangu waliiazima yangu kuitazama. Wiki ya nne mwalimu wa programu alitupa programu kubwa ya kuandikia kazi zetu, na kila mtu akaiweka kwenye mashine yake. Yangu iliikubali, lakini nikiibonyeza ifunguke, Mwanaidi aliweza kuchemsha maji, kukoroga uji na kuumaliza, kioo bado ni cheupe. Ikifunguka, nikiandika mistari michache, inaganda. Nikawa napanga foleni chumba cha kompyuta cha chuo, ambako mashine nzima zilikuwa chache kuliko watu, au nasubiri Mwanaidi aende kusali au kufua ndipo niitumie yake. Yeye hakunung'unika. Alikuwa akisema tu, "Imewaka, njoo," kisha anachukua ndoo yake. Mimi ndiye niliyeona aibu, na kwa sababu ya aibu nikawa naazima mara chache kuliko nilivyohitaji. Mtihani wa muhula wa kwanza wa somo la programu nikaufeli. Nikapata sapu, yaani kurudia mtihani mwishoni mwa mwaka. Muhula wa pili ulikuwa na kazi kubwa: kila mwanafunzi aandike programu yake na aioneshe mbele ya walimu kwenye mashine yake mwenyewe. Nikiikosa hiyo na kufeli tena ile sapu, nilikuwa nadisko. Hilo ndilo neno letu la kufukuzwa chuo. Mtu akidisko, kitanda chake kilikuwa kitupu siku hiyo hiyo, na watu walikizunguka kwa heshima kama kitanda cha msiba.

Nyumbani hawakujua lolote. Baba mdogo alikuwa akinipigia Jumapili baada ya ibada, anaweka sauti ya wote, nami nasikia nyuma yake watoto, kuku, na shangazi Subilaga akiuliza kama Dodoma kuna ndizi. "Hebu waambie," anasema, "mashine inaendaje?" Nami nasema inakwenda vizuri, baba mdogo. "Haijasumbua?" Haijasumbua. Nasikia anawaambia, "Mnaona?" Nimewahi kujiuliza kwa nini sikumwambia mama peke yake. Nadhani niliogopa kwamba mama angenielewa upesi, na kisha ingebidi tuufiche ukweli sisi wawili, tukimtazama mezani akitenga miba yake. Uongo ule ulikuwa wangu, nikaona ni afadhali niubebe mwenyewe. Leo naona haikuwa heshima. Nilimwacha mtu mzima azunguke kijiji kizima akijisifia kitu kisichokuwapo, nami nikaiita hiyo adabu.

Ikaja likizo yake ya kazi, na badala ya kupumzika akapanda basi siku mbili kuja kuniona. Hakunitaarifu mpaka alipofika stendi ya Dodoma. Nilimkuta getini, amechoka, viatu vimejaa vumbi, na gunia la mchele wa Kyela likiwa limesimama kando yake. "Gwe Tusekile!" akasema, akanishika kichwani. Nikamwamkia. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia bweni la wasichana, kwa hiyo tukakaa kwenye mabenchi ya saruji karibu na mkahawa, na Mwanaidi, aliyekuwa amenisindikiza, akaenda kutununulia chai na chapati. Tulikula, akanipa salamu za kila mtu, akasimulia maji yalivyoingia shambani na kutoka. Kisha akajifuta mikono kwa leso yake. "Haya, ilete niione inavyofanya kazi. Nimewaahidi nitaiona kwa macho yangu." Nikapanda chumbani. Niliitoa laptopu kwenye mkoba wake, nikaifuta vumbi, nikakaa kitandani nayo magotini. Nilikuwa napanga namna ya kumwonesha: picha tu, labda wimbo wa kwaya, vitu ambavyo ingeweza. Nilipokuwa nashuka, kabla sijaizunguka pembe ya jengo, nikasikia sauti ya Mwanaidi.

"Ile nyeupe? Ile haitumii, baba. Anatumia yangu, nikiwa sipo. Ile haiwezi kazi zetu."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ndiyo ilivyo. Ni ya kusomea barua na kutazama picha."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza," akasema Mwanaidi, na nadhani hapo ndipo alipotambua, maana aliongeza upesi, "Samahani, baba, nilidhani unajua."

Nilibaki nimesimama pembeni ya ukuta hadi mwanafunzi mmoja akanipita na kunitazama. Nikatoka. Mwanaidi akanyanyuka, akakusanya vikombe, akaondoka bila kuniangalia. Nikaiweka laptopu mezani kati yetu, nikakaa. Baba mdogo hakuifungua. Aliiwekea kiganja juu, kama unavyompima mtoto homa.

"Siku ile dukani ulijua?"

"Nilikuwa na karatasi ya chuo. Ilisema tusinunue za namna hii."

"Ilikuwa wapi?"

"Mkononi."

Akakitazama kiganja changu. Wanafunzi walikuwa wakipita na sahani zao, na mmoja akamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nilitaka anigombeze. Mwishowe akasema, "Ungesema." Kisha, kabla sijajibu, akatikisa kichwa. "Hapana. Ungesema ningekukatalia. Ningekukatalia mbele ya yule kijana wa manukato, na tungetoka na hii hii." Nikaanza kulia, nikamwambia na habari ya sapu, na ya kazi ya muhula, na kwamba ninaweza kudisko. Nilimweleza maana ya neno hilo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akalishika gunia. "Kuna mahali hapa mjini wanauza nyingine? Twende sasa hivi. Nitakupeleka, ila sitachagua."

Mwanaidi alitupeleka kwa Bi. Zuhura, mama wa makamo aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, kimejaa laptopu za mtumba zilizotoka maofisini. Alikuwa amevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na meza yake ilikuwa na skrubu zilizopangwa ndani ya vizibo vya soda. Tulimweleza. Akaichukua ile nyeupe, akaigeuza. "Naichukua," akasema. "Nina mteja wa kanisa, anataka ya kuandikia matangazo. Lakini haifikishi bei ya hizi." Baba mdogo akageuza macho kwenye rafu. Na kama mtu aliyesahau ahadi yake ya nusu saa iliyopita, akanyoosha mkono akashusha moja ya rangi ya fedha, nyembamba, kioo kinang'aa. "Hii vipi?" akauliza. "Hii inaonekana imara." Bi. Zuhura akanitazama mimi. Mwanaidi akatazama chini. Ilikuwa na RAM ndogo. Ilikuwa imeandikwa kwenye kijikaratasi kilichobandikwa juu yake. Nilisema nikiwa natazama zile skrubu, "Hapana, baba mdogo. Siyo hiyo." Sikuwahi kumwambia hapana mtu mzima wa nyumbani kwetu, hata kwa chakula. Hakuna kilichotokea. Aliirudisha kwenye rafu taratibu, akaiweka sawasawa na wenzake. "Basi ipi?"

Nikachagua nyeusi nzito, yenye mikwaruzo, bawaba ya kioo imelegea na betri isiyomaliza kipindi kimoja cha darasa. Nilimwomba Bi. Zuhura aifungue kwa chini, nikaona nafasi ya kuongezea RAM siku za mbele. Nikaomba tuiweke ile programu ya chuo pale pale, nisiondoke mpaka nione. Tulisubiri karibu saa nzima. Baba mdogo aliketi kwenye kigoda, na baada ya muda akamuuliza Bi. Zuhura, kwa sauti ya chini, "Samahani, dada. Hiyo RAM ni kitu gani hasa?" Bi. Zuhura akamweleza: diski ni stoo, RAM ni meza ya kufanyia kazi, meza ikiwa ndogo, kila mara unainuka kwenda stoo. Akaelewa. "Mimi nafanya kazi na kompyuta," akasema. "Lakini ile ya ofisini niliikuta imewashwa, na jioni naiacha imewashwa. Najua fomu zangu tu." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja kijiji anakotoka. Programu ilipofunguka, nikaandika mistari kumi, nikaibonyeza, ikajibu papo hapo, na Mwanaidi akapiga kofi mara moja. Bi. Zuhura akataja kilichopungua kwenye bei. Baba mdogo akatazama lile gunia, akamuuliza kama nyumbani kwake wanakula mchele. Bi. Zuhura akatumbukiza mkono, akanusa kiganja chake, akafunga gunia. "Tumemaliza," akasema.

Alirudi Kyela siku iliyofuata. Stendi hatukuongea mengi. Aliniuliza tu kama Mwanaidi ana wazazi wote wawili, na akanipa leso yake safi nimpelekee, kwa kuwa hakuwa na kingine. Muhula ule nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya. Programu yangu ilikuwa ya kupanga zamu za wagonjwa zahanati, si ya ajabu, na mwalimu mmoja alilalamikia rangi zake, lakini nilisimama mbele yao nikaionesha hadi mwisho, bawaba nikiishikilia kwa mkono wa kushoto ili kioo kisilale. Mtihani wa sapu niliufanya baadaye mwaka huo, nikapita kwa alama za kawaida. Siku ya matokeo nilimpigia mama kwanza nikamweleza yote, kuanzia ile karatasi. Akasikiliza, akasema baba mdogo alikwisha kuwaambia tangu aliporudi, mezani, watu wote wakiwepo. "Alisema alikosea yeye," mama akasema. "Lakini akasema na wewe ulikosea." Nikakubali.

Wiki hiyo hiyo, nikiwa chumbani natafuta mahali pa kuweka vitabu vya mwaka wa pili, simu ikaita. Ilikuwa yeye, na nyuma yake kelele za mjini Kyela. Akasema yuko dukani na jirani wa Ikolo, ambaye binti yake amepata chuo cha uuguzi. Wamemwomba yeye, mtu wa kompyuta, awachagulie, na tayari ziko tatu mezani. "Nimewaambia wasubiri," akasema. "Nimemtoa binti nje, mama yake yuko ndani na muuzaji. Nampa simu." Nikasikia simu ikibadilisha mikono, kisha pumzi za mtu asiyezoea kuongea na asiyemjua. Akaniamkia. Nikamuuliza anapenda ipi. Akasema yoyote tu, dada, watakayoona wakubwa. Nikamwambia ajibu taratibu, simu haina haraka. Nikamuuliza chuo kimemwambia anunue ya namna gani, naye akanieleza vizuri sana, bila kukosea hata neno. Alikuwa ameisoma karatasi yake. "Sasa niambie," nikasema, "kati ya hizo tatu." Nikamsikia baba mdogo, mbali kidogo na simu, akimwambia, "Mimi sisikilizi, mwanangu, nipo huku naangalia pikipiki." Binti akashusha pumzi. "Ile ya kushoto," akasema. "Ile nene."